Kesi ya msitu imetua mezani pangu, nianzie wapi?

Swali: Wakili, miezi miwili iliyopita niliteuliwa kuongoza kitengo cha sheria cha kaunti moja ya Bonde la Ufa. Tuko mawakili sita. Jamii inayoishi msituni tangu enzi za mababu imetushtaki pamoja na serikali kuu katika Mahakama ya Mazingira na Ardhi, ikisema msitu ni ardhi yake. Kijana wangu mmoja ameshaandika pingamizi la awali kwamba kesi imechelewa, na wakubwa wananihimiza tuliwasilishe haraka kesi itupwe. Mwingine katika timu ni mzaliwa wa jamii hiyo hiyo, na kuna wanaoninong'oneza nimwondoe. Nianzie wapi?

Jibu: Wakili, hongera kwa uteuzi, na pole pia, kwa maana kiti hicho huja na vyote viwili. Pingamizi la kijana wako usilitie sahihi bado. Sikuambii ulichane. Liweke kwenye droo, utoe Katiba, ufungue Ibara ya 63, usome polepole kama mtu asiyewahi kuiona.

Kifungu cha tatu cha ibara hiyo kinasema ardhi ya jamii ambayo haijasajiliwa inashikiliwa na serikali ya kaunti kwa niaba ya jamii. Serikali ya kaunti ndiyo inayokulipa mshahara. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016, kifungu cha 6, inakaza kamba zaidi: kaunti hairuhusiwi kuuza wala kugawa ardhi hiyo, na serikali ikitwaa sehemu yake na kulipa fidia kabla jamii haijasajiliwa, kaunti ndiyo inayotunza fedha hizo kama amana. Kwa hiyo huyo aliyekushtaki huenda ndiye unayemshikia mali. Mlezi wa yatima anaweza kwenda kortini kusema yatima hana urithi, na pengine akawa anasema kweli, lakini jaji atamtazama mara mbili.

Hili ndilo la kumwandikia gavana wiki hii, kabla ya jambo jingine lolote. Si kwa simu wala kwenye korido baada ya mkutano. Mweleze kwamba kaunti katika kesi hii imevaa kofia mbili, ya mdaiwa na ya mdhamini, na kwamba kila karatasi utakayowasilisha itasomwa kwa jicho hilo. Wanasiasa wengi hawalijui jambo hili, na ukiwaeleza mapema hukasirika kidogo. Wakilisikia kwa mara ya kwanza kutoka kinywani mwa jaji, hasira yote itakuangukia wewe.

Usije ukadhani nakuambia ukunje jamvi. Upande wenu una hoja, tena nzuri. Ibara ya 62 inahesabu misitu ya serikali kuwa ardhi ya umma, isipokuwa ile inayoangukia Ibara ya 63(2)(d)(i), yaani misitu ya jamii, malisho na maeneo matakatifu. Sasa shusha macho mstari mmoja. Ardhi za mababu na zile zilizokaliwa kijadi na jamii za wawindaji na wakusanyaji hazimo katika (i). Zimo katika (ii). Waandishi wa Katiba walitaja (i) kwenye ile «isipokuwa» ya misitu, wakanyamaza kuhusu (ii) pale. Mawakili wa serikali hushika kimya hicho na kusema: basi msitu uliotangazwa rasmi unabaki wa umma hata kama mababu wa mtu waliwinda humo. Mawakili wa jamii hujibu kwamba tafsiri hiyo inaifanya (ii) kuwa maneno matupu, kwa sababu jamii ya wawindaji wa msituni isipokuwa na haki msituni, itakuwa nayo wapi? Huo ni ubishi halali wa kisheria. Unastahili kubishaniwa mchana kweupe, na ukitaka kuwatumia vijana wako wakali, watumie hapo.

Pingamizi la kuchelewa ni kitu kingine kabisa. Kwanza, lina shida ya kiufundi ambayo kijana wako angeiona kama asingekuwa na haraka. Tangu kesi ya Mukisa Biscuit ya 1969 sote tunajua pingamizi la awali husimama juu ya hoja tupu ya sheria, mambo ya hakika yakiwa hayana ubishi. Miaka 12 ya sheria ya ukomo, ile inayoweka muda wa mwisho wa kudai ardhi kortini, inahesabiwa kuanzia lini? Siku walipofukuzwa mara ya kwanza, au mara ya pili, au walipochomewa nyumba, au waliporudi na hakuna aliyewauliza? Ukishaanza kujibu swali hilo umeshaingia kwenye ushahidi, na pingamizi limekufa mkononi. Tena kesi yenyewe ikiwa ni ombi la kikatiba, mahakama zetu zimeshasema mara nyingi kwamba ukomo wa kawaida haulifungi, ingawa mwombaji aliyekaa kimya bila sababu anaweza kuumia.

Pili, hata likipita, utakuwa umeshinda nini? Mwaka 1913 Wamaasai walikwenda kortini kupinga kuhamishwa kutoka Laikipia. Walikuwa wamesaini mkataba wa 1904 uliowaachia Laikipia, kisha ukaja wa 1911 uliowatoa. Korti haikusikiliza kama mikataba hiyo ilikuwa ya haki. Ilisema ni mikataba kati ya madola, kwa hiyo mahakama haina mamlaka juu yake. Serikali ya kikoloni ikashinda kwa hoja ya awali, safi kabisa, bila shahidi mmoja kuhojiwa. Mwaka 2004, miaka 100 tangu mkataba wa kwanza, Wamaasai waliandamana Laikipia wakidai ardhi ile ile. Mawakili walioshinda walikuwa wamekufa zamani, lakini mgogoro wenyewe ulikuwa mzima, na ulikuwa umelea wajukuu.

Ukitaka mfano wa karibu, tazama Waogiek, jamii ya wawindaji na wakusanyaji. Oktoba 2009 walipewa notisi ya siku 30 watoke katika Msitu wa Mau. Shauri likapita Kamisheni ya Afrika likafika Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu kule Arusha mwaka 2012. Serikali ilipinga mamlaka ya mahakama, ikapinga kukubalika kwa shauri, na mapingamizi yote yakatupwa. Hukumu ikatoka tarehe 26 Mei 2017: ibara saba za Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu zimevunjwa. Tarehe 23 Juni 2022 ikaja hukumu ya fidia: shilingi 57,850,000 kwa hasara ya mali na 100,000,000 kwa madhara ya moyo, pamoja na amri ya kupima ardhi na kuwapa hatimiliki ya pamoja.

Lakini kuna jambo moja katika hukumu ya 2017 ambalo viongozi wa vitengo kama chako hulipita mbio. Serikali ilisema Waogiek lazima watoke ili msitu upone. Mahakama ikachukua ripoti za hali ya Mau zilizowasilishwa na pande zote mbili, ikazisoma, ikakuta zinasema chanzo kikuu cha uharibifu ni uvamizi wa watu wengine, serikali kumega msitu kwa ajili ya makazi, na vibali vya kukata miti vilivyotolewa vibaya. Zilikuwemo ripoti za serikali yenyewe ndani ya jalada. Pale ambapo serikali ilishinda, kwenye Ibara ya 4 ya haki ya kuishi, ilishinda kwa sababu mahakama ilipima ushahidi na kuona haukuonyesha kwamba kufukuzwa huko kulisababisha ukiukaji wa haki hiyo. Tazama tofauti hiyo vizuri. Mapingamizi hayakuwasaidia, nyaraka zao ziliwaumiza, na hoja ya kweli iliwaokoa mahali pamoja.

Basi kazi ya kwanza ya timu yako iwe waraka wa ndani. Kurasa kumi, kumi na tano. Kabla ya hati ya kiapo hata moja kuapwa, mtu mmoja aandike mafaili yetu yenyewe yanasema nini, mabaya yote yakiwemo. Omba korti muda kwa ajili hiyo, majaji wa ardhi si watu wabaya ukiwaambia ukweli. Mpeleke mtu Nairobi, Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa, akae wiki nzima na mafaili ya Mkuu wa Wilaya. Atafute tangazo la gazeti rasmi lililoutangaza msitu na ramani ya mipaka iliyoambatanishwa, kama ipo, kwa sababu mara nyingi tangazo lipo na ramani haipo. Asome ripoti ya Tume ya Ardhi ya Carter ya miaka ya 1930, iliyopendekeza jamii za msituni, zilizoitwa Wadorobo siku hizo, zihamishiwe kwenye maeneo ya makabila makubwa. Mawakili wa jamii wataileta hata usipoileta wewe. Ni karatasi ya serikali inayokiri kwamba watu walikuwa mle.

Mtu wa kumtuma huko asiwe yule mdogo kuliko wote. Huo ni ugonjwa wa ofisi zetu: kazi ya mafaili hupewa anayeanza, kwa kuwa ina vumbi. Mpe mwenye uzoefu, mwenye pua ya kunusa karatasi iliyochomolewa.

Nikuambie kilichonipata mimi. Katika kesi moja tuliyoitetea, ofisi moja ya umma iliapa kwamba eneo fulani ni msitu uliotangazwa na halijawahi kuguswa. Wiki mbili baadaye ofisi nyingine, nayo ya umma, iliapa kwamba katika eneo hilo hilo imetoa barua za ugawaji kwa ajili ya makazi, ikaambatanisha na orodha. Sikuwa nimeisoma hati ya pili kabla haijawasilishwa, kila ofisi ilikuwa na wakili wake na kiburi chake. Jaji alizishika mbili, moja kila mkono, akaniuliza: wakili, serikali ni moja au ni mbili? Nilitafuta pa kutazama nikaona glasi ya maji. Tangu siku hiyo sijaruhusu hati ya kiapo itoke kabla wadaiwa wote wa umma hawajakaa meza moja kuisoma. Nawe una mwenzako kwa Mwanasheria Mkuu, una watu wa misitu, una Tume ya Taifa ya Ardhi. Waite mapema, wape chai, wasome kwa sauti. Msipokubaliana, sawa, ofisi za umma zina haki ya kutofautiana, lakini mjue mnatofautiana wapi kabla jaji hajajua.

Na tarehe. Katika shauri la Waendorois, waliotolewa kando ya Ziwa Bogoria miaka ya 1970, serikali ilikumbushwa tena na tena iwasilishe hoja zake kuhusu kukubalika kwa shauri, haikuwasilisha, na Kamisheni ikaamua bila hoja hizo. Weka ubao ukutani wenye tarehe zote na jina la mhusika. Zaidi ya hapo sina la kuongeza.

Baada ya mafaili, nendeni msituni, nyote sita. Mara yangu ya kwanza nilikwenda na viatu vya kortini, nikiwa na ramani ya mpimaji iliyokunjwa vizuri, nikitarajia mzee anionyeshe mpaka. Mzee aliitazama ramani, akaigeuza, akanirudishia. Akaanza kupanda. Tulipanda kwa muda wa karibu saa tatu, na kila baada ya muda anasimama chini ya mti, anaonyesha mzinga wa gogo juu kabisa, anataja nani aliuchonga na ukoo gani. Nikamuuliza kwa nini ardhi ya ukoo wake ni nyembamba na ndefu namna ile, inapanda mlima kama utepe. Alinishangaa. Maua ya chini, alisema, hayachanui mwezi mmoja na maua ya juu. Mwenye sehemu moja tu ya mlima anakula asali msimu mmoja, kisha analala njaa. Kwenye ramani yangu ule utepe ulikuwa umekatwa na vipande vinne vyenye namba, na mito miwili ilikuwa na majina ambayo hakuna mtu mle aliyewahi kuyasikia.

Siku ile ndipo nilipoelewa kwamba neno «kuzurura» lililokuwa kwenye hati yetu ya kiapo, tulilolitumia kuonyesha watu hawa hawana makazi ya kudumu, lilikuwa uongo. Hatukukusudia kudanganya. Tuliliondoa, na mteja alinung'unika.

Ushahidi wa mdomo uwatie vijana wako adabu mapema. Kule Kanada, Wagitksan na Wawet'suwet'en, watu wa asili wa huko, walidai ardhi yao ya British Columbia katika kesi ya Delgamuukw. Usikilizaji ulichukua siku 374. Bibi mmoja alitaka kuimba wimbo unaobeba historia ya ardhi ya ukoo wake, na jaji hakutaka kuusikia, akiona hautamfaa kitu. Mwaka 1991 akalitupa dai. Mwaka 1997 Mahakama ya Juu ikasema simulizi za mdomo lazima zipewe nafasi yake sambamba na nyaraka, ikaamuru kesi isikilizwe upya. Siku 374, halafu upya! Wakili wa serikali aliyeshangilia 1991 alikuwa ameshangilia bure. Na mwaka 2019 Mwanasheria Mkuu wa huko alitoa mwongozo kwa mawakili wa serikali kuu katika kesi za watu wa asili: utetezi wa kuchelewa usiletwe ila penye msingi na ushahidi, na mazungumzo yatangulie ugomvi. Simaanishi tuwaige kila kitu, nao wana lao. Ila mwongozo kama huo, ukurasa mmoja tu, unaweza kuuandika mwenyewe na kuupeleka kwa gavana autie sahihi. Utakulinda siku atakapokuja gavana mwingine.

Utashawishika pia kutumia mpasuko ndani ya jamii. Daima upo. Kutakuwa na kamati mbili, kila moja na muhuri, kila moja ikisema ile nyingine ni ya kununuliwa. Mtu atakuja ofisini kwako jioni, na chifu, kusema wao hawana shida na serikali. Msikilize, andika jina, mpe maji, mwambie aende kwa wakili wake. Sheria ya 2016 imeshaonyesha njia: jamii inakutana, inachagua kamati ya watu saba hadi kumi na tano, inasajiliwa. Kaunti ikisaidia mkutano huo ufanyike kwa uwazi, wanawake na vijana wakiwemo kwenye orodha, utapata mtu mmoja wa kuzungumza naye. Ukisaini mapatano na nusu ya jamii, nusu ya pili itakushtaki, na safari hii watakuwa na haki.

Mkifika kwenye mapatano, na mimi ningekushauri mlenge huko, mwingize mtu wa fedha chumbani tangu siku ya kwanza. Chini ya Sheria ya Mashauri ya Serikali, gari la kaunti haliwezi kupigwa mnada kwa deni la hukumu. Mdai anachukua cheti cha amri, yaani karatasi ya korti inayotaja kiasi anachodai, halafu anarudi kortini kumlazimisha afisa alipe. Ndiyo maana hukumu nyingi hukaa kabatini, na ndiyo maana jamii haziamini sahihi zetu. Makadirio ya bajeti yanakwenda Bunge la Kaunti kufikia 30 Aprili. Mapatano yanayosainiwa Julai hayana hata shilingi ndani yake, isipokuwa ile bajeti ya nyongeza itokee. Ukimwambia mzee wa miaka 80 asubiri mwaka wa fedha ujao, mwambie kwa uso, na umwambie tarehe.

Sasa huyo mzaliwa wa jamii. Usimwondoe kwa minong'ono. Mwite, ufunge mlango, umuulize swali moja: je, yeye au familia yake watanufaika na uamuzi, wamo kwenye orodha ya wadai, wana mizinga au boma mle ndani? Kama jibu ni ndiyo, hawezi kukaa kwenye faili hili, na mwanasheria mzuri atalisema mwenyewe kabla yako. Atoke kwa barua yake mwenyewe ya kujitenga, yenye sababu, mpe kesi nyingine ya uzito ule ule, na usithubutu kumtumia kama mkalimani wala mpelelezi wa nyumbani kwao. Kama jibu ni hapana, ametoka huko tu kama wewe ulivyotoka kwenu, basi anabaki, na wanaonong'ona waambie walete kwa maandishi.

Ila swali hilo usimuulize yeye peke yake. Ripoti ya Tume ya Ndung'u ya 2004 ilionyesha jinsi ardhi ya umma, misitu ikiwemo, ilivyogawiwa kinyume cha sheria, na wenye vyeo hawakukosa kwenye orodha. Hao wengine watano, umewauliza nani ana ploti ukingoni mwa msitu, au mume, au shemeji, au chama cha akiba walichonunua pamoja? Chapa fomu moja ya kutangaza maslahi, nakala sita. Yako iwe ya kwanza kwenye faili.